Kutoka Kipande hadi Mkataba

Katika hazina ya lugha yetu yamo maneno matatu ambayo kijana wa leo huyatamka pasipo kuyafikiri: kibarua, kipande na manamba. Kibarua ni udogo wa neno barua. Ilikuwa ile karatasi ndogo aliyopewa mtu ili ithibitishe kwamba amefanya kazi na anastahili ujira wa siku. Kipande kilikuwa kadi ambayo siku za kazi zilitiwa alama moja moja. Manamba latokana na neno namba, yaani ile hesabu aliyopewa mtu alipoandikishwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mbali. Maneno yote matatu humtaja mtu kwa karatasi aliyoishika au kwa tarakimu aliyobandikwa. Hakuna hata moja linalomtaja kwa ufundi wake, kwa ukoo wake, wala kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi mfanyakazi wa nchi yetu alivyotoka katika hali hiyo, akafikia hali ya kuwa mtu mwenye haki mbele ya sheria. Historia hii huelezwa mara nyingi kana kwamba ilitendeka Dar es Salaam na Tanga peke yake. Lakini anayetaka kuielewa sawasawa na aianzie huku kusini, katika nchi ya Songea, ambako ndiko walikotoka wengi wa watu walioitwa manamba.

Njia ya kaskazini

Madaba iko kaskazini ya mji wa Songea, kwenye barabara iendayo Njombe. Msafiri apitaye leo huona mashamba ya mahindi, misitu ya kupandwa ya upande wa Wino, na malori yaliyobeba mbao. Zamani barabara hii ilibeba watu. Wapo watu wa Songea walioshika njia ya mashariki kwenda mashamba ya Lindi, na wapo walioelekea kaskazini kwenda Morogoro na Tanga. Hao wa kaskazini walipita huku, kwanza kwa miguu, na baadaye kwa malori ya waandikishaji.

Walikwenda kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba walifuata fedha. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 viliiacha Ungoni katika msiba mkubwa. Viongozi wake wengi, akiwamo Songea Mbano ambaye mji ule unaitwa kwa jina lake, walinyongwa na Wadachi mwaka 1906. Vyakula viliteketezwa, na njaa ikafuata. Waliobaki walidaiwa kodi, nayo kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Nchi ilikuwa mbali na reli na mbali na bandari, na mazao ya kuuza yalikuwa haba. Mtu asiyekuwa na zao la kuuza alibakiwa na kitu kimoja cha kuuza, nacho ni nguvu za mikono yake.

Huko walikokwenda, mkonge ulikuwa umekwisha kushika ardhi. Mmea huu si wa kwetu asilia. Uliletwa mwaka 1893 na Mdachi aitwaye Richard Hindorf, kwa miche iliyotoka Florida, Marekani. Wasimulizi wa historia hiyo husema miche 62 tu ndiyo iliyopona safarini. Kutokana na miche hiyo michache yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Mkonge unataka watu wengi, na watu wa jirani na mashamba hawakupenda kazi ile, kwani walikuwa na mashamba yao. Ikawa lazima watu watolewe mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, ambayo kwa Kiingereza iliitwa Sisal Labour Bureau. Wananchi waliifupisha wakaiita Silabu, na jina hilo bado wazee wanalikumbuka.

Kipande na sheria yake

Tuitazame sasa ile kadi. Kipande kilikuwa na siku 30 za kazi. Mkata mkonge alipewa kipimo cha matita ya majani ya kukata kwa siku. Akikitimiza, kadi ilitiwa alama. Asipokitimiza, siku ile ilihesabiwa kuwa haikufanyiwa kazi, hata kama jua lilimpiga tangu asubuhi hadi alasiri. Ujira ulilipwa siku 30 zilipotimia, wala si mwisho wa mwezi wa kalenda. Kwa hiyo mwezi wa mfanyakazi ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa watu wengine. Aliyeugua, mwezi wake ulirefuka. Aliyegombana na mnyapara, ulirefuka zaidi.

Asili ya utaratibu huu ni ya kale kuliko utawala wa Waingereza. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, serikali ya Kidachi iliwalazimisha wanaume kuwa na kadi ya kuonyesha kwamba wamefanya kazi siku 30 kwa mlowezi katika kila miezi minne. Wadachi walipoondoka, kadi ilibaki.

Waingereza waliufuta utumwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Mwaka uliofuata walitunga Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji. Jina lenyewe lilijieleza. Kwa sheria hiyo, mfanyakazi aliyetoroka kazini, au aliyekataa kazi, au aliyekosekana pasipo ruhusa, alihesabiwa kuwa mhalifu, akapelekwa mahakamani, akatozwa faini au akafungwa. Ni kweli kwamba mwajiri asiyelipa ujira naye aliweza kushtakiwa. Lakini hebu mwanafunzi ajiulize: mtu wa Madaba aliyeko Tanga, asiyejua kusoma, asiye na ndugu karibu, angeanzia wapi kumshtaki tajiri wake mbele ya hakimu wa kabila la tajiri huyo? Sheria ilikuwa na milango miwili, lakini mlango mmoja ulikuwa juu sana kwa mfupi kuufikia.

Serikali ya kikoloni ilianzisha Idara ya Kazi mwaka 1926, chini ya Granville Orde-Browne. Idara hiyo ilijenga kambi za kupumzikia kando ya njia za wasafiri wa kazi, ili wapate chakula na dawa, kwani wengi walifia njiani au walifika mashambani wakiwa dhaifu. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini mwaka 1931 uchumi wa dunia ulipoanguka, idara ilifungwa ili kupunguza gharama, ikafufuliwa baadaye. Hapo tunajifunza jambo moja: hifadhi inayotolewa kwa hisani huondoka hisani inapokwisha.

Sauti ya wafanyakazi

Hifadhi ya namna nyingine ilianza kutafutwa na wafanyakazi wenyewe. Wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Mgomo wa mwaka 1947 ulikuwa mkubwa zaidi. Ulitoka bandarini ukaenea kandokando ya Reli ya Kati, na watu wa bandari wakaongezewa ujira kwa uamuzi wa baraza lililoteuliwa kusikiliza madai yao. Chama chao kiliandikishwa. Lakini baada ya mgomo na ghasia za mwaka 1950 kilifutwa, na harakati zikarudi nyuma kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi vya Tanganyika, lililojulikana kwa herufi za TFL. Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa nchi ya Songea. Si jambo dogo kwamba nchi iliyotoa manamba ndiyo pia iliyotoa kiongozi wa kwanza wa shirikisho la wafanyakazi. Mwaka huo huo wa 1955 serikali ilitunga Sheria ya Ajira, iliyochukua mahali pa ile ya mabwana na watumishi. Neno bwana lilitoka katika jina la sheria. Lakini mwajiri aliendelea kuwa na uwezo wa kumwachisha mtu kazi kwa kumpa taarifa tu, bila ya kutaja sababu yoyote.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya migomo mingi, mjini na katika mashamba ya mkonge, na madai ya mishahara yaliandamana na madai ya uhuru. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, wafanyakazi walitazamia kwamba serikali yao itakuwa upande wao katika kila jambo. Mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Mapatano ya mwaka 1964

Januari 1962 Kawawa alikuwa Waziri Mkuu. Katika mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kumpatia mfanyakazi kiinua mgongo, na mwaka uliofuata kima cha chini cha mshahara kikawekwa kwa nchi nzima. Lakini mwaka huo huo wa 1962 ilitungwa pia sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi, ambayo iliufanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno kufikiwa. Viongozi wa vyama walipinga. Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali mwanzoni mwa mwaka 1963. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na mahali pake kikaundwa chama kimoja, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi.

Mwaka huo huo ndio uliozaa sheria kubwa kuliko zote zilizotangulia, nayo ni Sheria ya Usalama Kazini ya mwaka 1964. Nataka msomaji aishike vizuri. Sheria hiyo ilimwondolea mwajiri ule uwezo wa kumfukuza mtu papo hapo apendavyo. Makosa ya kazini yaliorodheshwa katika kanuni za nidhamu, na kila kosa likawekewa adhabu yake, kuanzia onyo hadi kufukuzwa. Mahali palipokuwa na wanachama 10 wa chama cha wafanyakazi au zaidi paliundwa Kamati ya Wafanyakazi, ambayo mwajiri alipaswa kuihusisha kabla ya kutoa adhabu kubwa. Aliyeona ameonewa alikwenda kwenye Baraza la Usuluhishi, na kutoka hapo aliweza kukata rufani kwa Waziri.

Kwa mara ya kwanza, basi, swali la "kwa nini unamfukuza?" likawa ni swali la kisheria. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1963, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limependekeza kwa mataifa yote kwamba mtu asiachishwe kazi pasipo sababu ya haki. Taifa letu changa halikukawia kulitekeleza.

Lakini tusiifiche nusu ya pili ya habari. Mfanyakazi alipewa ulinzi wa kazi yake akiwa mmoja mmoja, na wakati huo huo alinyang'anywa silaha yake akiwa katika kundi. Tena, uamuzi wa Waziri ulikuwa wa mwisho, na mahakama za kawaida zilizuiwa kuingilia. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali na mashirika ya umma yakawa waajiri wakubwa kuliko wote nchini. Basi mfanyakazi wa shirika la umma aliyefukuzwa aliipelekea serikali rufani dhidi ya serikali. Mara nyingi alitendewa haki; lakini alitendewa kwa sababu mwamuzi alikuwa mtu mwema, na tumekwisha kuona kwamba hisani ina mwisho.

Jambo hilo lilidhihirika baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliowakataza viongozi dharau na uonevu juu ya watu wanaowaongoza. Wafanyakazi waliusoma, wakauamini, wakauchukua kama hati yao. Katika miaka ya 1971 hadi 1973 kulikuwa na migomo mingi ambayo sababu yake haikuwa mshahara. Ilikuwa matusi na kiburi cha mameneja. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973, wafanyakazi walimtoa mwajiri nje wakaendesha kazi wenyewe. Hapo ilionekana wazi kwamba binadamu hafanyi kazi kwa posho pekee. Anataka pia heshima, na heshima hiyo anataka iandikwe.

Sheria ya sasa

NUTA iligeuka JUWATA mwaka 1978. Katika miaka ya 1990 siasa ya vyama vingi na uchumi wa soko vilipoingia, vyama vya wafanyakazi vilitenganishwa tena na chama cha siasa. Mashirika mengi yaliuzwa, maelfu ya watu walipunguzwa kazini, na sheria za zamani zikaonekana kuwa zimepitwa na wakati. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria mbili kwa ajili ya Tanzania Bara: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Sheria ya Taasisi za Kazi. Zanzibar ilitunga za kwake mwaka 2005.

Kwa sheria hizo, uachishaji kazi ni halali pale tu panapokuwa na sababu ya haki na utaratibu wa haki, na mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha hayo mawili. Mfanyakazi aliyeonewa hupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kutoka hapo njia iko wazi hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mwisho wa kesi hauko tena mezani kwa Waziri. Haki ya kugoma nayo imeandikwa, pamoja na masharti yake.

Walakini kipo kifungu kimoja ambacho mwanafunzi wa historia angepaswa kukitia mstari. Mwajiri analazimika kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, ujira kiasi gani. Mfanyakazi asipoyaelewa maandishi hayo, mwajiri ahakikishe yanaelezwa kwa namna itakayoeleweka. Na mwajiri akishindwa kuleta mkataba huo mbele ya wasuluhishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa humwangukia yeye. Turudi basi kwenye kile kipande. Zamani karatasi ilipokosekana, aliyepata hasara ni mfanyakazi: siku isiyotiwa alama ilipotea. Sasa sheria imeugeuza mzigo. Karatasi inapokosekana, anayebanwa ni aliyepaswa kuiandika. Karibu karne nzima ya migomo, mashauri na mabunge imo ndani ya mgeuko huo mmoja.

Yaliyobaki

Je, tuseme basi kwamba safari imekwisha? Haijakwisha. Sheria haimtafuti mtu nyumbani kwake. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake, na siku 30 ni chache kwa mtu wa kijijini asiyejua kuwa zinahesabiwa. Aliyefanya kazi kwa muda usiotimia miezi sita na mwajiri mmoja hana ulinzi ule wa kutoachishwa kwa uonevu; na wapo waajiri wanaolijua hilo vizuri kuliko vibarua wao. Katika miaka yangu ya utumishi nimesoma mafaili mengi ya malalamiko, na aghalabu yaliyoshindwa hayakukosa haki. Yalikosa tarehe, sahihi na nakala. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ujira nao ni mali.

Tena yapo maelfu ya vijana wanaopalilia mahindi, wanaopasua mbao na kupakia magogo kwa mapatano ya mdomo. Mapatano ya mdomo ni desturi ya kale na ya heshima kati ya jirani na jirani, kama tulivyoalikana kwa zamu kulima, mwenye shamba akipika pombe na chakula. Lakini desturi ile ilisimama juu ya kujuana: leo nalima kwako, kesho walima kwangu. Anayekuajiri na kisha akaenda zake, kesho halimi kwako. Kumtumainia kwa desturi ya mwaliko ni kuchanganya mambo mawili yasiyofanana.

Watu wa nchi hii walijaribu pia njia nyingine ya kumkwepa mwajiri mbaya, nayo ni kujiajiri kwa umoja. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilianzishwa mwaka 1936 ili wakulima wauze tumbaku yao wenyewe. Katika miaka ya 1960 vijiji vya Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kama Litowa na Matetereka, vililima kwa pamoja na kugawana mapato kwa uamuzi wa wanakijiji. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1969, lakini wazo lake lilikuwa sahihi: mtu mwenye kitu chake nyumbani haendi kupatana na tajiri akiwa amepiga magoti.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama katika nchi yetu. Kwetu sisi watu wa lugha hilo ni jambo kubwa, na ni kazi pia. Haitoshi kusema kwamba sheria imetafsiriwa, lazima isomwe. Mwalimu wa Kiswahili anapotafuta kifungu cha ufahamu, na achukue maelezo ya mkataba wa ajira. Mwalimu wa historia anapofundisha Maji Maji, na asiishie kwenye mti wa kunyongea. Aendelee hadi kwenye kodi, kutoka kodi hadi Silabu, kutoka Silabu hadi Kamati ya Wafanyakazi. Na mwanafunzi wa Madaba atakapomaliza masomo yake na kuitwa kazini mahali popote, aombe kwanza karatasi, aisome yote kabla ya kutia sahihi, na nakala yake aiweke nyumbani. Manamba hakuwa na uwezo wa kufanya hivyo. Yeye anao.